Wiki Sita Bila Kofi

Lanet, 4 Machi 2024

Mama mpendwa,

Chamgei. Hujambo, na mbavu zako je? Mimi mzima, ila hasira hainitoki. Nakuandikia kwenye karatasi kwa sababu simu yako anaisoma baba. Gedion wa lori la maziwa atakupa hii mkononi.

Nilimwonyesha Sue, daktari wa meno wa hapa, picha ya ufizi wako ulioachana na meno ya mbele. Aliuliza nani anakupiga. Nikarudia uongo wako, kwamba ulianguka kwenye ngazi ya ghala. Amesema kuna njia mbili za upasuaji. Ya kwanza, anakata kipande cha nyama kwenye kaakaa na kukishona pale mizizi ya meno ilipo wazi. Ni vidonda viwili na maumivu mengi, lakini ufizi hutoka mnene. Ya pili, anatoboa kitundu na kuuvuta ufizi uliopo ufunike jino. Hushonwi, unapona haraka, ila wako ni mwembamba. Ukikaa tu, meno manne yatang'oka. Chagua, Mama.

Binti yako, Jemutai

Keringet, 11 Machi

Mwanangu,

Chamgei mising. Mbavu zinaniruhusu kukamua sasa, na mvua imeanza. Barua yako niliisoma zizini mara tatu, kisha nikaichoma.

Nina swali moja, usinicheke. Kati ya hizo njia mbili, ni ipi inayostahimili kofi? Unamjua baba yako akilewa. Nataka ile isiyopasuka.

Mama yako

Lanet, 15 Machi

Mama,

Chamgei. Sikucheka, nililia. Nilimwambia daktari ukweli wote. Akasema, "Hakuna. Ya kushona au ya kuvuta, zote zinataka wiki sita bila kuguswa." Kwa ufizi wako anapendelea ya kaakaa. Njoo ushonwe, ukae kwangu hizo wiki zote.

Jemutai wako

Lanet, 24 Aprili

Mama,

Unaendeleaje? Ulishonwa tarehe nane mwezi huu, na siku tisa baadaye ukaondoka na nyuzi mdomoni, eti Cheptuiya amezaa na hamruhusu mtu mwingine kumkamua. Ng'ombe, Mama! Gedion anasema hujaleta maziwa kwenye lori siku nne. Nijibu.

Jemutai

Keringet, 6 Mei

Mwanangu,

Chamgei. Niko hai, ujue hilo kwanza.

Nilimpikia baba yako ugali, mimi nikanywa uji kama daktari alivyosema. Akasema najifanya mgonjwa ili kumwaibisha. Akanipiga ngumi ya mdomo. Nyuzi zilikatika, na ile nyama ya kaakaa nikaitema kiganjani. Niliitazama nikakumbuka nilivyoumia ikikatwa. Nikashika kigoda cha kukamulia nikampiga nacho mdomoni, halafu tena. Meno yake mawili yaliangukia majivuni. Hakusogea. Niliketi karibu naye nikisubiri apumue, na sijui nilitaka nini hasa. Akapumua.

Amelazwa. Wazee wameniita mara mbili niombe msamaha. Nimekataa mara mbili.

Naja Alhamisi na Gedion. Mwambie daktari akate upande wa pili wa kaakaa. Safari hii nitamaliza wiki sita, na zikiisha sirudi. Kemboi, ndugu wa baba yako, nimemwachia ndoo. Cheptuiya alimpiga teke asubuhi ya kwanza, lakini atauzoea mkono mwingine.

Mama yako