Ukuta wa Mawe Juu ya Yiti

Mama yangu kipenzi,

Salamu za joto la Maskati. Jana binamu yangu Rayya kanipandisha kilima cha Yiti. Kileleni kuna ukuta wa mawe wa duara, wa watu wa kale kabisa. Hauna chokaa wala udongo, mawe yameshikana tu, na mpaka leo umesimama! Mie nikadhani makaburi. Nikavua viatu, mawe yakanibabua nyayo, nikawatolea maiti salamu kama ulivyotufunza. Mara sauti ikaitika ndani: "Waalaykumu salaam, mwanangu!"

Nusura niporomoke. Rayya hoi kwa kicheko. Kumbe bibi mmoja kakaa kivulini, anazungumza kwa simu na dadake aliye huko kwetu Ng'ambo.

"Wenyewe waloujenga walikuwa wakijikinga na maadui," kanambia. "Baadaye watu wakafungia mbuzi humu. Mie nnapandia simu, kule chini haishiki mtandao."

Nikaupapasa ule ukuta kwa heshima, nikakaa ubavuni pake, nikakupigia mara tatu. Hukupokea. Najua simu umeisahau tena kabatini. Iweke karibu, Mama. Watu wamebeba mawe yote yale mpaka kileleni, nami nikapata pa kukupigia, halafu nisiisikie sauti yako?

Nakubusu mikono,
Mwanao Asya