Bima ya Kaka na Dada

Jumamosi, 9 Oktoba 1999

Nimerudi nyumbani na mbwa wawili. Mimi! Burhani wa Buyenzi, mtaa wa misikiti kule Bujumbura, niliyekuwa nikivuka barabara nikiona mkia tu.

Kosa ni la Anne-Marie, tunayeosha naye sufuria kwenye kantini ya lile jengo la vioo nyuma ya stesheni ya Gare du Nord. Aliniomba nimsindikize kwenye makazi ya mbwa waliotupwa, achague mmoja. Yeye akatoka mikono mitupu – wote, kasema, wana macho ya mume wake wa zamani. Mimi nikatoka na kamba mbili. Nestor, mzee anayechechemea, na dada yake Praline. Nilimtaka Praline peke yake. Bibi wa pale akakataa katakata: ni ndugu, wamezoeana, kuwatenganisha ni ukatili.

Ukatili! Mimi na mke wangu mwaka wa nne huu, yeye Bujumbura mimi huku, na hakuna ofisi iliyowahi kulitamka neno hilo. Nikatia sahihi upesi kabla sijacheka.

Lakini visa ya Mwanakombo imetoka, alhamdulillahi. Anafika tarehe 23.

Jumatatu, 11 Oktoba

Mwenye nyumba kawasikia kabla sijamweleza. Hana neno na mbwa, kasema, anawapenda kuliko wapangaji. Ila niwakatie bima kabla ya mwisho wa mwezi, wasije wakauma mtu ngazini. La sivyo tuhame sote watatu.

Sahani waliyoiramba nimeiosha mara saba, moja kwa udongo. Mtaa wetu huu wa Schaerbeek mzima ni lami na saruji! Udongo nimeununua supamaketi, mfuko wenye picha ya waridi. Sijui wanazuoni wangesemaje juu ya mbolea iliyochanganywa humo.

Alhamisi, 14 Oktoba

Nimempigia Mwanakombo kutoka duka la simu. Kaniuliza mbona nina haraka. Hapo ulimi ukakimbilia adabu: nyumbani nina wageni. Wawili. Kaka na dada.

Kwetu mgeni haulizwi amefuata nini wala ataondoka lini. Nilitegemea hilo. Lakini huruma yake haina adabu – akauliza kama ni watu wa kwetu. Nikasema hapana, wamezaliwa huku huku. Walitupwa.

"Balitupwa! Na bazazi babo?"

Hawajulikani, nikasema. Akalia. Mke wangu akalia kwenye simu! Akaniuliza kama ni wazima, nikamwambia mmoja anachechemea, natafuta bima. Akaniombea dua ndefu mpaka kadi ikaisha. Na kila neno nililosema lilikuwa kweli tupu. Ndiyo maana nilitoka jasho.

Nikimwambia, hapandi ndege. Nisipomwambia, atageukia mlangoni. Na mbwa siwarudishi. Nimejaribu kuwaza nikiwarudisha, nikashindwa.

Ijumaa, 15 Oktoba

Kwa Joël, wakala wa bima, kijana wa Likasi mwenye tai nzuri na kiti kibovu. Kanieleza vizuri. Ziko mbili. Ya kwanza ni bima ya familia: mbwa akiuma, mke akivunja dirisha la jirani, yote mamoja, wote wanaoishi ndani ya nyumba wamo. Ya pili ni ya mbwa wenyewe: kuuma, na daktari pia. Isipokuwa magonjwa waliyokuja nayo. Yaani mguu wa Nestor haumo.

Umri wa Nestor? Haujulikani. Joël akaandika "karibu minane". Mimi nilipofika huku, tarehe ya kuzaliwa waliniandikia Januari mosi, na hawakusema karibu.

"Papa Burhani, kamata ya famille," kasema. "Bon, maman akishafika, akiandikishwa kwenye ofisi ya commune, tunamutia na yeye ndani."

Kumbe mke wangu lazima afike kwanza ndipo awe familia. Mbwa wameshakuwa. Nikasema nitafikiri.

Jumapili, 17 Oktoba

Balaa! Mzee Abdul-Aziz, mjomba wake Mwanakombo anayeishi huku, kaja na mfuko wa nguo za watoto, ati za wale ndugu wawili waliotupwa. Habari imefika Bujumbura, imerudi, imepita msikitini. Nilimpokea ngazini, mlango nimeushika kwa mgongo. Nikasema wamelala. Praline akaanza kukwaruza.

Mzee akasikiliza, akatabasamu. Mutoto wa kike, kasema, dalili ya afya. Akanisifu mbele ya jirani Mturuki kwamba mimi ni mfano kwa vijana. Nilitamani ngazi inimeze.

Jumatano, 20 Oktoba

Nestor anakohoa. Jana jioni niliswali na mlango wa chumba nimeufunga, kama kawaida. Nilipotoa salamu nikamsikia anapumua chini ya mlango. Miaka minne hakuna aliyeningoja nimalize kuswali. Nikakaa pale kwenye mkeka, nikalia kama mjinga.

Leo nimekwenda kwa Joël. Nimekata ile ya mbwa, kikohozi kisije kikaitwa ugonjwa wa zamani. Joël akatikisa kichwa. Donc ya famille tunaacha? Nikamwambia itafuata, haraka ya nini, mke bado yuko kwao.

Jumamosi, 23 Oktoba

Amefika. Amekonda. Mzuri vile vile.

Nilimwambia kwenye treni kutoka uwanja wa ndege, wazi, bila kuzunguka. Wale wageni ni mbwa. Alitazama dirishani mpaka Gare du Nord. Kwenye tramu alijibebea sanduku mwenyewe. Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa kelele.

Akaingia, amekusanya kitenge mpaka juu ya vifundo. Wakakaa chini wote wawili bila kuambiwa, jambo ambalo sijawahi kuliona. Akawatazama sana. Akaomba maji, akatawadha, akaswali. Nikasema moyoni: tumepona.

Kisha akaomba hiyo bima niliyokuwa nikimsimulia. Alikuwa mwalimu, Kifaransa chake kinashinda changu. Akaisoma mezani jikoni, ukurasa kwa ukurasa, kidole kwenye mstari.

"Nestor, yuko. Praline, yuko. Weye, propriétaire, mwenye mbwa. Na miye? Niko wapi humu?"

Nikamweleza. Kwamba iko nyingine, ya familia. Kwamba Joël kasema mtu haingizwi mpaka kwanza afike.

"Nimefika," kasema.

Akafunga makaratasi, akayalinganisha kingo, akanirudishia kwa mikono miwili kama mgeni. Sasa amekaa kwenye kochi na koti lake mwilini. Chai niliyompa imepoa. Sanduku bado liko mlangoni, na Joël hafungui ofisi mpaka Jumatatu.