Nguzo za Dungu la Mwanaharusi

Jumamosi, 12 Aprili 2025

Nimepita karakana ya mradi hapa Kibiti. Wanayeyusha ndoo kuukuu, wanamimina nguzo. Nguzo za plastiki! Eti zitaokoa mikoko. Fundi wao ni Agapiti, kijana wa bara, amesomea mambo hayo chuoni na hachoki kukukumbusha. Nguzo za kwanza zilimvunjikia kama biskuti. Sasa anasaga soli za kandambili, anazichanganya na ndoo. Nikamwuliza kama kesho atatia pamba kwenye msumeno. Hakucheka.

"Plastiki peke yake ni ngumu, Mzee, ila haina uvumilivu," akasema. "Ufa ukianza haukomi. Ukikutana na mpira, unachoka."

Maneno mazuri. Hata muuza dawa ya meno pale stendi anayo.

Ubaya ni kwamba dada yangu Mwanaharusi ameziomba. Yuko Mbwera, juu ya dungu alilotuachia mama — kibanda cha miguu mirefu, maji chini, yeye juu analinda mpunga. Nguzo zake za mikoko zimeoza. Sisi tulihamishwa kutoka bondeni zamani, tukaambiwa tunapelekwa kwenye maendeleo. Nimekaa huku barabarani tangu hapo. Maendeleo yenyewe bado sijatambulishwa. Mwanaharusi alirudi.

Jumatano, 16 Aprili

Nguzo zimeondoka. Agapiti yuko Dar, kafuata kifaa cha mashine. Bi Honorata, msimamizi, alikuwa na wageni wa kupigwa picha, akaamuru zipakiwe zote: za kandambili, pamoja na zile za biskuti ambazo fundi alizitenga aziyeyushe upya. Zote nyeusi, zote sawa. Za kandambili zina alama ya chaki.

Chaki! Masika hii! Wasomi.

Ijumaa, 25 Aprili

Mwanaharusi kapiga simu. Kule mtandao haushiki mpaka apande juu ya dungu. Chini, simu ni kipande cha sabuni. Boti imemwachia rundo la nguzo, chaki imekwenda na mvua. Achague vipi?

Nikamwambia afanye kama mama. Mama hakufukia nguzo bila kuigonga kwa mchi. Ikilia kama kengele, nzima. Ikijibu bubu kama boga, imeliwa ndani, tupa.

Jioni akapiga tena. Zinazolia amezipata za kutosha. Bubu amezilaza matopeni azikanyage akipita. Vijana wa jirani watalisimamisha dungu kesho.

Nimefurahi bila haya. Mchi wa mama umekagua kazi ya chuo kizima.

Jumatatu, 28 Aprili

Agapiti karudi. Nikamwendea kumsimulia, taratibu, kama mtu anayekula muwa. Alinisikiliza mpaka nilipofika kwenye zinazolia. Akaokota vipande viwili vya mabaki, akavigonga kwa nyundo. Kimoja kikalia, sauti safi kabisa. Cha pili bubu. Kisha akavibamiza kwenye ukingo wa sakafu. Kilicholia kikapasuka toka mwanzo mpaka mwisho. Bubu kikadunda.

"Mpira unameza sauti, Mzee," akasema. "Ndivyo unavyomeza na pigo."

Mti bubu umeoza. Nguzo hii ikiwa bubu ndiyo nzima. Na mimi, mwenye rafu nzima ya vitabu nyumbani, nimejaribu ndoo kama mkoko! Aliyetia chaki kwenye mvua ana nafuu.

Nimempigia Mwanaharusi. Akapokea — yaani yuko juu. Nikamwambia ashuke, polepole, asitikise kitu. Akasema ashukie wapi, maji yamejaa na mtumbwi kauchukua mwanawe, Twalibu. Tena ndege wameuvamia mpunga.

"Ngoja niwafukuze kwanza, kaka."

Nikasikia debe linapigwa, na miguu yake inapiga sakafu ya dungu kwa vishindo, vile vile mama alivyotufundisha. Nikamwita kwa sauti hata watu wa karakana wakatoka nje. Simu ikakatika.

Agapiti anamtafuta mtu wa boti Mbwera. Hajanilaumu, na hilo nalo ananionea tu. Mimi napiga. Haipatikani.

Chini ya dungu mtandao haushiki. Kwa hiyo Twalibu karudi na mtumbwi, dada kashuka. Kashuka tu.

Napiga tena.