Fremu Tatu za Chumba cha Mama

3 Machi
Binti yangu,
Salamu. Mimi mzima kama chuma, bado napiga randa kuwashinda vijana. Mama yako yuleyule, kiharusi kimemwachia macho tu. Mzigo wako umefika. Fremu nimezikagua, si mbaya, ingawa mimi ningeunga pembe vizuri zaidi. Ila hizo picha ni nini? Rangi imemwagika tu. Mtu hakuna, mti hakuna, hata kuku hakuna. Aliyekuuzia amekuona mshamba.
Baba yako mzazi

11 Machi
Baba, shikamoo. Mimi sijambo.
Ni nakala za michoro ya wachoraji wakubwa. Hazionyeshi kitu, ni rangi zenyewe. Nilipokuja kumuuguza mama nilimwonyesha nyingi kwenye simu, hizo tatu ndizo alizozikodolea macho mpaka machozi yakamtoka. Tafadhali baba, zitundike mbele ya kitanda chake. Hana kingine cha kutazama.
Mwanao

20 Machi
Binti yangu,
Salamu tena, afya tele. Fremu nimezitundika, misumari imenyooka kama askari. Ndani nimeweka picha zangu: ya suti, ya kiwandani, na ile nimeshika tuzo ya useremala. Zile karatasi zako nimewashia moto wa kuchemshia gundi. Mama yako alijikakamua akageuzia macho ukuta wa pembeni. Nikageuza kitanda azielekee. Ashindane na mimi? Mwanamke atazame mume wake, si madoa.
Baba yako mzazi

29 Machi
Baba, shikamoo.
Nimelia nimechoka. Nakuja mwisho wa mwezi ujao, nimeomba ruhusa kazini. Namchukua mama nikae naye. Mpaka hapo, nakuomba, mrudishe alivyokuwa. Aangalie hata dirisha.
Mwanao

17 Aprili
Binti yangu,
Pole kwa safari, usije. Mama yako tumemzika jana. Sikukungoja, maiti haingoji ruhusa ya kazini. Jeneza nimelitengeneza mwenyewe, watu wamelisifia kuliko marehemu. Kitanda sikukirudisha kilivyokuwa. Ndani ya nyumba yangu nani ananipangia?
Baba yako mzazi

2 Juni
Binti yangu,
Salamu. Hii barua ya tatu hujibu, na simu yako haipokelewi. Kaka yako niliyekuwa nakaa naye kahama, eti nyumba inamkaba. Mimi mzima. Kitanda cha mama yako ndicho ninacholalia sasa, kile changu kimevunjika mguu. Picha zimependeza sana pale ukutani. Hakuna wa kuzitazama ila mimi, lakini zimependeza.
Niandikie, hata matusi.
Baba yako mzazi