Jina lenye liko ndani ya wimbo

Riziki mujukuu wangu, hapa kambini Dzaleka, Malawi, tuko. Babu yako anakohoa, lakini nsima, ugali wa huku, anamaliza.

Unaomba nikuimbie ule wimbo wa kilio kwa kazi yako ya université. Sikia kwanza.

Mwaka wa tisini na tano, mwalimu mumoja wa université alikuja hapa kurekodi nyimbo za bakimbizi. Wimbo ule hauimbwi bila jina la marehemu, njo nikaweka la mtoto wangu wa kwanza, Byamungu, tuliyemuzika njiani tukikimbia vita. Mwalimu akatokwa machozi. Nikamuamini.

Kisha akanialika Lilongwe kuona mchezo wake wa kuigiza. Banafunzi bake bakaimba wimbo wangu, bakamutaja Byamungu vizuri kabisa. Bantu bakapiga makofi. Kwetu wimbo wa kilio unaitikiwa, haupigiwi makofi. Mwalimu akasimama kusema, bakanitafsiria: "Ni wimbo wa zamani, mwenyewe hajulikani." Mi nilikuwa nimekaa mbele yake.

Sikatai kazi yenu bantu ba université, mujukuu. Ukuje. Lakini mbele ya kuwasha mashine ya kurekodi, uniulize Byamungu alikuwa nani. Umeusikia wimbo huo tangu utoto, hujauliza hata siku moja, naye ni ndugu mkubwa wa baba yako.

Koko, bibi yako,
Mama Byamungu