Wino Kidoleni

Rafiki, upo?

Nimetoka ofisi ya ustawi wa jamii sasa hivi. Afisa kanionyesha fomu ya ridhaa, eti nimekubali dada yangu mkubwa amuasili mwanangu. Pa saini pana dole gumba. Mimi karani, natia saini kutwa, nikaweke dole gumba?

Na ni langu kweli. Siku niliyojifungua kwa upasuaji, nilizinduka nikakuta wino kidoleni. Dada akaufuta kwa mate, akasema, "Mambo ya hospitali tu hayo."

Kwa mate yake, jamani.

Afisa kasema ridhaa ya mtu aliyelala si ridhaa, mtoto ni wangu.

Lakini miezi mitatu dada anamwita "mwanangu" mbele yangu, nami nafurahi, si ndiye mama mkubwa wake. Kumbe alikuwa anamaanisha.