Viatu vya Kukulia

Umbilo, Durban
7 Septemba 2024

Mdogo wangu Cyprian,

Nakuomba radhi. Barua yako ya Pasaka imekaa kwenye droo hadi leo bila jibu, na sina sababu inayotosha. Nilikuwa mzima na nilikuwa na muda. Nilinyamaza kwa kuwa kila siku yangu hapa ilifanana na ile iliyotangulia: chai, kiti cha dirishani, magari yanayosimama kwenye taa za barabarani, ambazo hapa huitwa roboti, chakula, usingizi. Deborah na mumewe Pascal wananitunza kama yai. Mgongo wako unaendeleaje? Shemeji hajambo? Mimi sijambo, isipokuwa michubuko michache ambayo nitaieleza sasa.

Mwezi uliopita kanisa lao lilipanga matembezi hadi kwenye bwawa moja mbele ya Queensburgh. Pale kuna kebo iliyofungwa kati ya milingoti miwili. Mtu hushika mpini, kebo humvuta, naye huteleza juu ya maji akiwa amesimama kwenye ubao, miguu yake imo katika viatu vilivyokazwa kwa skrubu. Ubao huo huitwa wakeboard. Tulipokuwa tunachoma nyama, alipita mama mmoja mwenye mvi nyingi kuliko zangu, akatunyunyizia maji hadi kwenye sahani. Nikaweka sahani chini.

Nilikodi ubao siku hiyo hiyo. Nilianguka kila mara kabla ya kusimama, na wanakwaya wakanipigia vigelegele. Deborah hakucheka. "Baba, una miaka sitini na mitatu," alisema. "Ukivunjika, nani atakuuguza?" Tulibishana hadi nyumbani, kisha tukapatana. Nikivutwa kutoka mlingoti wa kwanza hadi wa pili bila kuanguka, kabla Novemba haijaisha, hatanizuia tena. Nikishindwa, nitarudi dirishani, na jambo hilo halitatajwa tena. Unajua kwamba sijawahi kuvunja neno langu.

Nimekwisha kununua vifaa kwa mtu anayeuza vitu vilivyotumika. Nimechagua ubao mfupi, kwa kuwa unaingia kwenye taxi, yaani daladala za hapa, bila ugomvi, na viatu vyake ni namba mbili zaidi ya mguu wangu, ili niwe na nafasi. Nadhani nimechagua kwa busara.

Wasalimie wote wa nyumbani.

Kaka yako,
Mwita


Musoma
2 Oktoba 2024

Kaka Mwita, shikamoo.

Sisi hatujambo. Mgongo unauma asubuhi, mchana unasahau, jioni unakumbuka. Habari za Deborah na mkwe wetu?

Niliisoma barua yako kwa sauti, na mke wangu ikambidi akae chini. Mwalimu mkuu mzima, aliyekuwa akichapa watoto kwa kukimbia varandani, leo anaburutwa kwa waya mbele ya kwaya! Nimewaeleza wanafunzi wako wa zamani hapa sokoni. Hawakuniamini, na mmoja ameuliza kama umeanza kunywa.

Lakini kaka, viatu namba mbili zaidi? Nilimkumbuka mama yetu. Kila Januari alitununulia viatu vya kukulia, tukavijaza magazeti mbele. Kumbuka mashindano ya wilaya: kiatu chako kilibaki njiani, nawe ukafika wa mwisho, mguu mmoja mtupu, unalia. Wakati ule tulikuwa watoto. Sasa una miaka sitini na mitatu. Unatarajia kukua mpaka wapi?

Rudi dirishani, kaka. Kiti hakimchubui mtu.

Mdogo wako mtiifu,
Cyprian


Umbilo, Durban
1 Desemba 2024

Mdogo wangu Cyprian,

Natumaini mgongo umepata nafuu na kwamba shemeji amekwisha kuinuka pale alipokaa. Sisi sote ni wazima.

Sikukujibu mapema kwa sababu nilikukasirikia. Barua yako ilinikuta na aibu mpya. Asubuhi ya siku ile nilikuwa nimeanza kuinuka majini, mara mguu ukachomoka, kisha wa pili. Ubao ukaenda zake, nami nikaburutwa kwa tumbo, nikiwa bado nimeshika mpini. Nilisadiki kwamba ni uzee.

Kisha nikasoma swali lako. Nilivitoa viatu vyangu vyote chini ya kitanda. Hata vya kanisani vina gazeti ndani. Tangu nianze kujinunulia viatu, Cyprian, nimemnunulia mtoto anayetarajiwa kukua.

Nikaenda kwa Peguy, kijana Mkongomani anayekodisha na kuuza vifaa pale bwawani. Alivitazama viatu vyangu, akaingiza mkono mzima nyuma ya kisigino changu.

"Papa, kiatu hii iko kubwa sana. Mguu inaogelea kabla ya wewe kuogelea."

"Nilitaka nafasi," nikamjibu.

"Nafasi ya nani? Kuna mtu mwingine anakuja kuingia humu?"

Sikumsahihisha lugha, kwani nilikuwa na shida naye. Akanipima uzito, akautazama ubao wangu, akacheka. Ule ni ubao wa msichana mwembamba, alisema. Mtu wa kilo zangu huuzamisha. Anayeanza na ubao mrefu zaidi huelea mapema na husimama kwa urahisi. Akanionyesha mmoja uliopinda taratibu kutoka ncha hadi ncha, usiomshtua mtu, wenye mapezi upande wa chini yanayoushika usiyumbe. Viatu vyake vilikuwa vya namba yangu hasa. Ilibidi apake maji ya sabuni ndipo mguu ukaingia. Nilijaribu kuinua kisigino, hakikuinuka. Vidole navyo havikufa ganzi. Nilikuwa sijawahi kuvaa kiatu cha namna ile.

Baadaye, nikiwa nimesimama kumshukuru, alinisukuma mgongoni kwa nguvu. Nilitanguliza mguu wa kushoto ili nisianguke, nikageuka nikiwa tayari kumkaripia.

"Sharp, papa, safi! Kushoto ndiyo inakaa mbele."

Ndivyo wanavyoutambua mguu wa kutangulia. Akalegeza skrubu, akavigeuza viatu vifuate mguu huo, akaniruhusu niujaribu ubao wake kabla ya kununua.

Jana ilikuwa siku ya mwisho ya Novemba. Deborah na Pascal walisimama ukingoni. Nilianguka mara ya kwanza. Nilianguka tena. Mwenye kebo akatangaza kwamba ni zamu ya mwisho kabla ya kufunga, na nilimwona Deborah akikunja taulo yangu, kwa upole, kama anayekunja jambo zima.

"Papa, usivute!" Peguy akapaza sauti. "Kaa kama kwenye kiti. Acha kebo ikuinue!"

Kukaa kwenye kiti ndiyo kazi niliyokuwa nimeifanya mwaka mzima. Nilikunja magoti, nikanyoosha mikono, nikatulia. Maji yalinisukuma nyayoni, yakakaza, kisha yakawa chini yangu. Nilikuwa nimesimama. Viatu vilinishika, ubao ukanyooka, na ukingo ukaanza kupita. Nilimsikia Deborah kabla ya kumwona: alikuwa anakimbia kandokando ya bwawa, viatu vyake mkononi, akiita, "Baba! Baba! Baba!" Nikaupita mlingoti wa pili. Mpini niliuachia mwenyewe, kwa hiari yangu.

"Eish, baba mkwe, leo umetuua!" alisema Pascal, akanibeba, pamoja na ubao.

Deborah alinifunika taulo. Usiku aliutoa mto kwenye kiti cha dirishani, akaufua.

Ubao nimeshauchagua: ni ule ule. Viatu ndivyo vimebaki. Viko vilivyofungwa mbele, ambavyo hufaa miguu ya namba moja tu, na viko vilivyo wazi vidoleni, ambavyo hukazwa kwa kamba na kupokea miguu ya namba zinazokaribiana. Nikiteleza peke yangu, nitachukua vya kwanza. Ukija kukaa nasi, nitachukua vya pili, maana mguu wako ni mdogo kuliko wangu. Chumba kipo. Sinunui mpaka unijibu.

Kaka yako,
Mwita


Musoma
20 Desemba 2024

Kaka Mwita, shikamoo sana.

Sisi wazima. Habari za miguu yako?

Barua yako niliisoma kwa sauti tena, na safari hii mke wangu alisimama. Ulipoupita mlingoti wa pili alipiga kigelegele, majirani wakaja kuuliza nani anaolewa. Wale wa sokoni bado hawaamini. Nimewaambia nitaleta picha, kwa hiyo tuma picha.

Kuhusu kuja, mgongo wangu ni mgongo wa mtu anayekaa kutwa. Daktari amesema nijinyooshe. Kuhusu maji hakusema lolote, na mimi sikumuuliza. Mke wangu ameshaamua. Jana, nikiwa nafunga mlango, alinisukuma mgongoni bila kuniambia. Nilitanguliza mguu wa kulia.

Ndani ya bahasha utakuta karatasi ya pili. Ni unyayo wangu, nimeuzungushia penseli nikiwa nimesimama wima. Sikuongeza nafasi hata kidogo.

Usinunue bado. Nikishaamua, nitakuandikia siku hiyo hiyo.

Mdogo wako,
Cyprian